Mawaa ya Jua na Nyuzi za Nuru Zilizomo Ndani Yake

Mtu akitaka kusifu kitu kwa usafi wake, husema kwamba kinang'aa kama jua. Ni neno jema, wala simlaumu alisemaye. Walakini jua lenyewe lina mawaa, na ndani ya mawaa hayo meusi mna nyuzi nyembamba zing'aazo sana. Habari ya kuyatambua mambo haya imechukua zaidi ya miaka mia nne, na waliofanya kazi hiyo walikuwa watu wa namna nyingi: watawa, mwana wa mchungaji, muuza dawa, na wataalamu wa vyuo vikubwa. Nataka kuwaeleza wasomaji wa gazeti hili habari hiyo tangu mwanzo wake, maana ndani yake twaweza kujifunza kazi ya Mungu, na pia namna ipasavyo mtu kuitafuta kweli.

Kwanza natoa onyo. Mtu awaye yote asilikazie jua macho yake, wala asithubutu kulitazama kwa darubini, maana atapofuka. Njia ya salama mnaijua nyote. Jua likipenya katika tundu dogo la paa, hutia duara la mwanga sakafuni. Duara lile si umbo la tundu, bali ni sura ya jua lenyewe. Hata tundu likiwa la pembe tatu, sura itakuwa ya mviringo. Wengi wa watu nitakaowataja walitumia njia hii, au walipitisha mwanga katika darubini na kuuangusha juu ya karatasi.

Habari za kale

Watu wa Uchina waliandika habari za waa jeusi juani katika mwaka wa 28 kabla ya kuzaliwa kwake Kristo. Waliweza kuliona bila chombo, kwa kuwa waa likiwa kubwa sana huonekana wakati jua limefifizwa na ukungu au vumbi, karibu na kuchwa au kucha. Katika nchi ya Uingereza, mtawa mmoja wa Worcester, jina lake Yohana, aliona mawaa mawili tarehe 8 Desemba 1128, akayachora katika kitabu chake cha mambo ya miaka. Hiyo ndiyo picha ya kwanza ya mawaa ya jua ijulikanayo hata leo.

Lakini kwa muda mrefu watu wa Ulaya hawakuyatia maanani. Walikuwa wamepokea mafundisho ya Aristotle, mwenye hekima wa Kiyunani, kwamba vitu vya mbinguni ni vikamilifu, havibadiliki wala havina ila. Mtu aliyeshika mafundisho hayo hata akiona waa, husema ni kitu kingine. Ndivyo alivyofanya Johannes Kepler, mjuzi mkuu wa nyota, mwezi wa Mei 1607. Aliona doa jeusi katika sura ya jua iliyopita tunduni, akadhani ni sayari ya Zebaki inapita mbele ya jua. Baadaye alikiri kwamba alikosea.

Mwana wa mchungaji

Darubini ilipopatikana, mambo yalibadilika upesi. Kaskazini mwa Ujerumani, katika kijiji cha Osteel, alikuwako mchungaji wa Kilutheri jina lake David Fabricius, naye alipenda sana elimu ya nyota. Mwanawe Johannes alikwenda Uholanzi kusoma, akarudi na darubini. Siku moja ya mwezi wa Machi 1611, kijana huyu wa miaka 24 alilielekezea jua darubini asubuhi lilipokuwa linachomoza, akaona mawaa. Akamkimbilia baba yake kumwita. Wakatazama wote wawili, na macho yao yakaumia. Kwa hiyo wakaiacha njia ile, wakaingiza mwanga wa jua kwa tundu katika chumba chenye giza. Siku baada ya siku waliyaona mawaa yakisogea kutoka upande mmoja wa jua mpaka upande wa pili, yakatoweka, kisha yakarudi. Johannes akaelewa kwamba jua linajizungusha. Mwezi wa Juni mwaka ule ule kitabu chake kidogo kilichapishwa Wittenberg, nacho ndicho kitabu cha kwanza duniani juu ya mawaa ya jua.

Lakini watu hawakukisoma. Johannes akafa mwaka 1616, angali kijana, na baba yake akauawa mwaka uliofuata. Kazi yao ikakaa karibu kusahauliwa, wakati watu wengine wawili wakigombea heshima yake.

Mmoja wao alikuwa Padre Christoph Scheiner, Mjesuiti, mwalimu wa hesabu katika mji wa Ingolstadt. Naye aliona mawaa mwaka ule ule wa 1611. Wakuu wake waliogopa aibu ikiwa amekosea, basi barua zake zilipochapishwa Januari 1612 hakutia jina lake, bali alijiita Apelles. Katika barua hizo alisema kwamba mawaa si ya jua, ila ni nyota ndogo zilizunguukazo. Hivyo alitumaini kulihifadhi jua lisitiwe ila.

Mwingine alikuwa Galileo Galilei wa Italia. Mwanafunzi wake Benedetto Castelli, mtawa wa Kibenedikto, alimfundisha njia ya kuangusha sura ya jua juu ya karatasi na kuyachora mawaa pale pale. Galileo alipozilinganisha picha za siku nyingi aliona kwamba waa likikaribia ukingo wa jua huonekana jembamba na mwendo wake huwa kama umepungua. Ndivyo lionekanavyo alama yoyote iliyo juu ya tufe lizungukalo. Tena mawaa huzaliwa, hugawanyika, na hufa. Nyota hazifanyi hivyo. Mwaka 1613 barua zake zilichapishwa Roma, na hoja yake ikashinda.

Scheiner hakukaidi milele. Aliendelea kuchora kwa miaka mingi, na katika kitabu chake kikubwa kilichomalizika mwaka 1630 alikubali kwamba mawaa ni ya jua lenyewe. Lakini ugomvi wao juu ya nani aliyetangulia haukwisha, ukawaletea uchungu. Nao ulikuwa ugomvi wa bure. Maana Mwingereza Thomas Harriot alikwisha kuyachora mawaa Desemba 1610, asichapishe lolote, na mwana wa mchungaji wa Osteel alikwisha kuchapisha kitabu kabla yao wote wawili.

Muuza dawa na hesabu zake

Baada ya hapo mawaa yakaadimika. Tangu mwaka 1645 hata 1715 yalionekana machache sana, na watu walipungua hamu. Aliyeiamsha elimu hii alikuwa muuza dawa wa Dessau katika Ujerumani, jina lake Heinrich Schwabe. Hakuwa akitafuta mawaa. Alitafuta sayari ambayo watu walidhani iko karibu sana na jua, na ili asiichanganye na mawaa aliyahesabu yote. Alianza mwaka 1826, na kila siku isiyo na mawingu alitazama. Sayari hakuiona, maana haipo. Lakini baada ya miaka 17 aliziangalia hesabu zake, akaona kwamba mawaa huzidi na kupungua kwa zamu ya karibu miaka kumi. Wengine wakasahihisha hesabu hiyo kuwa karibu miaka 11. Mwaka 1857 chama cha wajuzi wa nyota cha London kilimpa nishani ya dhahabu, naye akajifananisha na Sauli, aliyetoka kuwatafuta punda wa baba yake akapata ufalme.

Hapo ndipo neno la sumaku lilipoingia. Mwaka 1852 Edward Sabine alionyesha kwamba miaka ya mawaa mengi ndiyo miaka ambayo sindano za dira hutikisika sana hapa duniani. Kisha likatokea jambo la ajabu. Tarehe 1 Septemba 1859 Richard Carrington alikuwa akichora kundi kubwa la mawaa, mara akaona mianga miwili mieupe ikiwaka katikati yake. Akatoka mbio kumtafuta shahidi. Aliporudi, kabla ya dakika moja kutimia, mianga ilikwisha kufifia sana. Haikupita siku nzima, sumaku ya dunia ikachafuka. Mianga ya rangi ionekanayo kwa kawaida kaskazini ya mbali ilionekana hata Cuba. Simu za waya zilitoa cheche, na katika Marekani watu wengine walipeleka habari wakiwa wamekata betri zao, kwa nguvu iliyojaa yenyewe katika waya.

Madaraja ya nuru

Sasa twende ndani ya waa lenyewe. Waa kubwa lina sehemu mbili. Katikati ni kiini cheusi. Kukizunguka ni ukingo wa kijivu, wenye nyuzi nyingi zilizotandwa kutoka kiini kwenda nje, kama makuti ya paa la msonge yakitazamwa kutoka juu. Lakini mara nyingi kiini hicho hupasuliwa na ukanda mwangavu uvukao kutoka upande mmoja mpaka wa pili. Wataalamu waliuita daraja la nuru. Padre Angelo Secchi, Mjesuiti wa Roma, aliyachora mawaa kwa uangalifu mkubwa, nyuzi na madaraja, katika kitabu chake juu ya jua kilichochapishwa Paris mwaka 1870. Wakati ule picha za kamera hazikuweza kuushinda mkono wa mchoraji mwenye saburi. Lakini mkono huweza kuchora umbo tu. Hauwezi kueleza sababu.

Ufunguo ulipatikana Uholanzi. Mwanga wa jua ukipita katika kioo cha pembe tatu hutandika rangi zote za upinde wa mvua, na katikati ya rangi hizo mna mistari myembamba myeusi. Mwaka 1896 Pieter Zeeman wa Leiden aliweka moto kati ya ncha za sumaku yenye nguvu, akaona kwamba mstari wa mwanga wake unapanuka. Vipimo vilivyofuata vilionyesha kwamba mstari mmoja hugawanyika kuwa miwili au mitatu; sumaku ikizidi nguvu, mistari huzidi kuachana. Basi mwanga ukawa mjumbe. Hata ukitoka mbali, hubeba alama ya sumaku iliyokuwako pale ulipozaliwa.

Mmarekani George Ellery Hale aliisoma alama hiyo. Juu ya mlima wa Wilson, katika California, alijenga mnara mrefu wa kutazamia jua, na mwaka 1908 alichunguza mwanga utokao katika mawaa. Mistari ilikuwa imegawanyika kama ile ya Zeeman. Alipopima alikuta nguvu ya karibu gausi 3,000, hali sumaku ya dunia yetu iivutayo dira haifiki gausi moja. Hiyo ndiyo mara ya kwanza mwanadamu kutambua sumaku nje ya dunia. Mwaka 1919 yeye na wenzake walionyesha pia kwamba mawaa huja mawili mawili, kama ncha mbili za sumaku moja, na kwamba kila baada ya zamu ya miaka 11 ncha hizo hubadilishana mahali.

Mtu asidhani kwamba juani mna kipande cha chuma kilichozikwa. Jua ni gesi ya moto mkali ipitishayo umeme, na umeme ukienda huzaa nguvu za sumaku. Mwalimu akiweka karatasi juu ya sumaku na kunyunyiza chengachenga za chuma, watoto huona mistari ikijipanga yenyewe. Mistari ya namna hiyo, isiyoonekana kwa macho, imo ndani ya waa. Katika kiini cheusi imesimama wima, imesongamana kama mianzi kichakani. Katika ukingo wa kijivu imelala kuelekea nje. Mwaka 1909 John Evershed, akifanya kazi Kodaikanal katika Bara Hindi, aligundua kwamba gesi ya ukingo huo hutiririka kwenda nje kufuata nyuzi zile.

Kwa nini basi kiini ni cheusi? Fikirini chungu cha uji motoni. Uji wa chini ukipata moto hupanda, wa juu hupoa ukashuka, na hivyo joto hufika juu. Uso wa jua huchemka vivyo hivyo siku zote. Lakini Ludwig Biermann, Mjerumani, alisema mwaka 1941 kwamba nguvu nyingi za sumaku huifunga gesi isipande wala kushuka kwa uhuru. Joto la chini huzuiliwa, na pale juu hupoa kwa digrii 1,500 na zaidi kuliko pande zote. Kumbe waa si jeusi kwa kweli. Lingewekwa peke yake angani usiku, lingeng'aa kuliko mwezi mpevu. Huonekana jeusi kwa sababu jirani zake wang'aa zaidi.

Tukifahamu hayo, daraja la nuru halitushangazi tena. Ni mahali ambapo kifungo kimelegea. Vipimo vimeonyesha kwamba katika daraja nguvu za sumaku ni dhaifu kuliko katika kiini, na mistari yake imeinama. Kwa hiyo gesi ya moto yapata nafasi ya kupanda katikati ya daraja na kushuka kandokando, na uchemkaji ule ndio uletao nuru. Lakini kizuizi hakikuondoka kabisa. Mwaka 2006 Jan Jurčák na wenzake walieleza kwamba mistari ya sumaku ya kiini, ile ya kulia na ile ya kushoto, huinama juu ya daraja na kukutana. Ni kama njia ipitayo katikati ya shamba la migomba: chini pana nafasi ya kupita, juu majani yamekutana yakafanya paa. Tena mara nyingi madaraja hutokea waa linapokaribia kuvunjika. Yapita yakiligawanya, na baada ya siku chache vipande hutawanyika na kutoweka.

Mambo madogo namna hii hayakuweza kuonekana ila kwa vyombo vikubwa. Jua liko mbali nasi kilometa milioni 150. Katika kisiwa cha La Palma Waswidi walijenga darubini yenye kioo cha upana wa meta moja, na mwaka 2002 Göran Scharmer na wenzake waliona kwamba hata nyuzi za nuru za ukingo zina mstari mweusi ndani yake, wa upana wa karibu kilometa 90 tu. Ni mwendo wa siku tatu au nne kwa miguu, ukionekana kutoka mbali namna ile! Mwaka 2006 Wajapani walirusha chombo kiitwacho Hinode, yaani macheo, kipime sumaku ya jua kutoka juu ya hewa yetu. Na katika mwaka 2020 zilitangazwa picha za kwanza za darubini ya Hawaii yenye kioo cha meta nne.

Kwa vyombo hivi imejulikana kwamba si kila uzi ung'aao ndani ya kiini ni daraja. Mwezi wa Septemba 2011 lilikuwako kundi la mawaa lililotoa miali mikali mingi. Lucia Kleint na Alberto Sainz Dalda walilichunguza, na mwaka 2013 wakaeleza kwamba ndani ya kiini cha waa lake moja mlikuwa na nyuzi zisizofanana na madaraja kwa umbo wala kwa mwendo wa maisha yake. Gesi ilipita ndani yake kwa ulalo, ikielekea kinyume cha mtiririko ule wa Evershed, na mapinde mang'avu ya hewa ya juu ya jua yalionekana kama yanatua juu yake. Hili si jambo la kufurahisha macho tu. Machi 1989 dhoruba ya sumaku iliyotoka juani iliwazimia umeme watu milioni sita katika Quebec ya Kanada kwa muda wa saa tisa. Ajuaye jinsi sumaku ya waa ilivyofumwa ataweza kuwaonya wenzake mapema.

Mafundisho

Ndugu wasomaji, waliokataa kwamba jua lina mawaa hawakuwa wajinga wala waovu. Wengi walikuwa watu wa dini waliodhani kwamba kukiri waa ni kupunguza heshima ya kazi ya Mungu. Lakini ukamilifu waliotaka kumpa Mungu walikuwa wameupa kiumbe chake. Jua limeumbwa; lina mawaa, lachemka, lapatwa na dhoruba. Muumba peke yake ndiye asiye na waa. Mkristo hana sababu ya kuogopa kitu kilichotazamwa vema, kwa maana aliyeliumba jua ndiye aliyetupa macho na akili.

Tena tuwakumbuke wale wadogo. Kijana wa Osteel hakupata sifa siku zake, lakini aliandika alichokiona, na kwa sababu aliandika, leo twamjua. Harriot aliweka karatasi zake sandukuni, akapitwa. Schwabe hakupata alichokitafuta, lakini kwa kuwa hakuacha kuhesabu alipata kilicho bora. Kepler na Scheiner walikosea, wakakubali kusahihishwa, wala heshima yao haikupungua. Basi mtu akiwa na daftari la mvua za kijiji chake, au la mavuno, au la habari za wazee, asiseme kwamba ni kazi ndogo. Aandike tarehe, aandike alichokiona na si alichotaka kukiona, kisha wajao baada yake wataendeleza.